Usukani wa pikipiki unapotikisika: mwongozo kamili, kuanzia gololi za shingo hadi mota ya umeme

Mwezi wa nne, masika ikiwa imekolea, kijana mmoja wa bodaboda wa kijiwe cha Mbagala, Dar es Salaam, alinijia gereji na boksi dogo mkononi. Ndani kulikuwa na dampa ya usukani, kile kifaa cha kutuliza usukani unaopigapiga, mpya, haijaguswa.

"Shikamoo fundi. Naomba unifungie hii. Nikifika sitini usukani unacheza mpaka abiria anaomba kushuka."

"Marahaba. Iweke kwanza benchini, tuinue gurudumu la mbele."

Tukaisimamisha pikipiki kwa stendi kubwa, tukasukumiza kipande cha gogo chini ya injini, gurudumu likaning'inia. Nikashika usukani kwa vidole viwili na kuuzungusha polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Ulipofika katikati ukanasa kidogo, kisha ukaendelea. Nikamwachia ajaribu mwenyewe. Akazungusha mara ya kwanza, mara ya pili, akanitazama bila kusema kitu. Tulipofungua shingo, pale usukani unapozungukia kwenye fremu, grisi ilikuwa imegeuka tope la rangi ya chai ya maziwa, na kwenye kikombe cha chini, kile chuma cha duara kinachobeba gololi, gololi zilikuwa zimechimba vishimo vilivyopangana kama punje za muhindi. Ukipitisha ukucha unavihesabu kimoja kimoja. Alikuwa amepita kwenye mafuriko ya bonde la Jangwani mara tatu msimu ule, na kila mara pikipiki ilioshwa kwa pampu ya presha, maji yakielekezwa moja kwa moja shingoni.

Dampa ile ingemtulizia usukani miezi miwili mitatu, huku vishimo vinaongezeka chini kwa chini. Ndiyo sababu naandika mwongozo huu kwa mpangilio huu: vinavyoleta mtikisiko kwanza, kifaa cha kuumeza mtikisiko mwishoni. Dampa, iwe ya mafuta au ya umeme, humeza mtikisiko tu. Chanzo kinabaki palepale mpaka ukitafute kwa mkono.

Hatua ya kwanza: jua ni mtikisiko wa aina gani

Mteja akisema "inatetema" anaweza kuwa anazungumzia mambo matatu tofauti kabisa.

La kwanza ni mtetemo mwembamba wa injini, ule unaotia ganzi viganja na kufanya kioo cha pembeni kisionyeshe kitu. Huu unafuata mzunguko wa injini. Injini ya silinda moja ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inatikisika mara 100 kila sekunde, na mikono haiwezi kuhesabu kasi hiyo. Inasikia kama mwasho tu. Kuuhakikisha ni rahisi: ukiwa kwenye mwendo uleule, badilisha gia. Mtetemo ukibadilika wakati spidi haijabadilika, tafuta kwenye injini na bolti zake.

La pili ni usukani wenyewe kupigapiga kushoto na kulia, mara 6 hadi 10 kwa sekunde. Kwa pikipiki zetu huja zaidi kati ya kilomita 50 na 80 kwa saa, hasa unapoachia mafuta na mikono ikalegea.

La tatu ni pikipiki nzima kuyumba taratibu kama samaki, mara 2 hadi 4 kwa sekunde, nyuma ikifuatana na mbele. Huu hupenda mwendo mkubwa na mzigo wa nyuma.

Mtafiti Robin Sharp wa Uingereza aliitenganisha mitikisiko hii ya pili na ya tatu kwa hesabu mwaka 1971, na matokeo yake yana maana kubwa kwa fundi: ukikaza dampa ya usukani, kupigapiga kwa usukani kunatulia, lakini kuyumba kwa pikipiki nzima kunaweza kuzidi kwenye mwendo mkubwa. Dawa ya mmoja inaweza kuwa sumu ya mwingine. Kwa hiyo usikubali kufunga chochote kabla hujajua ni upi.

Jaribu barabarani asubuhi mapema, lami ikiwa nzuri na magari machache. Mimi hutumia Jumapili kabla ya saa moja. Usiachie usukani hata siku moja. Legeza vidole tu, viganja vibaki vimegusa. Kisha andika: unatikisika ukishika breki ya mbele? Shuku shingo iliyolegea au diski na ngoma ya breki. Unatikisika ukiachia mafuta? Tairi ya mbele na shingo. Unatikisika ukiwa na mzigo tu? Upangaji wa mzigo, shokapu na tairi ya nyuma, bushi za uma wa nyuma unaoshika gurudumu.

Ukikutwa nao barabarani, usibane breki ya mbele na usishindane na usukani kwa mikono iliyokakamaa. Punguza mafuta taratibu, bana tangi kwa magoti, inamisha kifua mbele ili gurudumu la mbele lipate uzito, acha mwendo ushuke wenyewe. Wafundisheni na madereva wapya pale kijiweni, maana wengi hukimbilia breki.

Upepo, tairi na rimu

Hapa sitakaa sana, ila ndipo nusu ya matatizo huishia. Pima upepo asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa kipimo, si kwa kubonyeza na dole gumba. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 hutaka karibu PSI 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako au 32 ukiwa na abiria. Kibandiko cha pikipiki yako ndicho kinachotawala. Tairi ya mbele yenye PSI 15 inalegea pembeni na kuutikisa usukani hata kama kila kitu kingine ni kipya.

Zungusha gurudumu likiwa hewani. Funga kipande cha waya kwenye mguu wa shokapu, ncha yake ikaribie rimu, utazame nafasi inavyobadilika. Ikicheza zaidi ya milimita 2, kushoto na kulia au juu na chini, peleka rimu ikanyooshwe na spoku zikazwe. Tazama pia ule mstari mwembamba ulioko ubavuni mwa tairi karibu na rimu: unatakiwa uwe na umbali sawa na rimu mzunguko mzima. Ukizama sehemu moja, tairi haikukaa vizuri wakati wa kuziba pancha. Mwisho shika tairi juu na chini, sukuma na vuta. Ukisikia mchezo, beringi za gurudumu zimekwisha.

Gurudumu la nyuma likiwa limepinda kuelekea upande mmoja kwa sababu cheni ilikazwa bila kuangalia alama za pande zote mbili, pikipiki inatembea kiubavuubavu. Vuta uzi mrefu ukigusa tairi ya nyuma sehemu mbili na upelekwe hadi mbele, kila upande. Dakika tano tu.

Shingo: hapa usikimbie

Gereji nyingi hukaza shingo kwa tindo na nyundo kwa sekunde kumi, mteja analipa, anaondoka. Nami nilifanya hivyo nilipokuwa najifunza, na pikipiki niliyoikaza ilirudi siku ileile, mwenyewe akilalamika kwamba kwenye foleni haikai wima, anapepesuka kama anayejifunza. Nilikuwa nimekaza mno. Shingo iliyolegea inagonga ukishika breki na inapigapiga usukani. Shingo iliyokaza mno inaifanya pikipiki itangetange, kwa sababu usukani hauwezi kujirekebisha wenyewe kwa vile vizunguko vidogo ambavyo dereva hata havihisi.

Kupima: gurudumu likiwa hewani, chuchumaa mbele, shika miguu ya shokapu chini kabisa, vuta na sukuma. Mtu mwingine aweke kidole pale shingo inapokutana na fremu. Mkigundua mchezo, kidole chake kitauhisi kabla ya mkono wako. Kisha zungusha usukani polepole sana, pande zote. Unatafuta kunasa katikati, kukwaruza, au mahali pazito.

Kama hakuna kunasa bali mchezo tu, rekebisha. Toa au legeza usukani uione nati kubwa ya juu. Legeza nati hiyo, legeza na bolti zinazobana miguu ya shokapu kwenye sahani ya juu, la sivyo sahani itakataa kushuka na utadanganyika. Chini yake kuna nati yenye mikato. Hiyo ndiyo inayobana gololi. Ina spana yake yenye ndoano, na ni spana ya bei ndogo. Nunua. Tindo inaumiza mikato, na fundi atakayekuja baada yako hatapata pa kushika.

Kaza nati ya mikato mpaka uhisi uzito, zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho mara tano ili gololi zikae, ilegeze, kisha irudishe taratibu mpaka mchezo uishe tu. Sasa kaza nati ya juu, halafu pima tena. Usiruke hapa: nati ya juu ikikazwa inashusha kila kitu kidogo na kuzidisha ukazo, kwa hiyo mara nyingi utarudi kulegeza ile ya chini robo ya robo ya mzunguko. Kipimo changu cha mwisho ni hiki: usukani ukiwa katikati, uguse kwa kidole kimoja. Unatakiwa uanguke wenyewe upande huo hadi mwisho bila kusita, na uwe hauna mchezo ukivuta shokapu.

Kama unanasa katikati, kukaza hakusaidii. Badilisha seti nzima, juu na chini, vikombe na koni. Kuweka gololi mpya juu ya vikombe vyenye vishimo ni kutupa hela. Hesabu gololi za zamani wakati wa kutoa, juu kando na chini kando, kwa kuwa idadi inaweza kutofautiana na moja ikidondoka sakafuni hutajua. Vikombe vya zamani vitoe kwa chuma kirefu ukigonga kidogo upande huu, kidogo upande wa pili. Vipya viingize ukitumia kikombe cha zamani juu yake kama kinga, ili nyundo isiguse njia ya gololi. Mlio hubadilika kikombe kikifika chini: kutoka mlio wa kina unakuwa mkali. Grisi iwe nyingi, ya kuzuia maji, na paka pia ukingo wa nje wa sili. Kwa anayelala karibu na bahari, kama Kigamboni au Kunduchi, au anayepita maji ya vuli na masika, fungua na ubadilishe grisi kila mwaka. Na waambie vijana wa kuosha: pampu isielekezwe shingoni wala kwenye ekseli.

Kariakoo utapata seti za bei tatu nne. Chukua ile ambayo kikombe ukikiinamisha kwenye mwanga, njia ya gololi inang'aa sawasawa bila mistari. Ukipata seti ya beringi za roli inayoingia kwenye fremu yako, inadumu zaidi kwa kazi ya mizigo, ila inahitaji ukazo wa uangalifu zaidi.

Mzigo: hesabu ambayo kila dereva anaweza kuifanya

Chukua pikipiki ambayo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma kuna mita 1.3 hivi, ambao ndio urefu wa nyingi za cc 100 hadi 150. Weka mzigo wa kilo 60 kwenye keria, sentimita 20 nyuma ya ekseli ya nyuma. Pikipiki inakuwa kama bembea ya watoto: ekseli ya nyuma ndiyo mhimili, na mzigo unainua mbele. Kilo 60 mara 20, gawanya kwa 130, unapata kilo 9 na kidogo zilizoondolewa kwenye gurudumu la mbele. Mzigo uleule ukiusogeza ukae kwenye siti, sentimita 30 mbele ya ekseli, unaongeza karibu kilo 14 mbele. Tofauti ni kilo 23 kwenye gurudumu linaloongoza, na hujapunguza hata kilo moja ya mzigo.

Usiniamini kwa maneno. Weka mizani ya kupimia watu chini ya gurudumu la mbele na ubao wa kimo kilekile chini ya la nyuma, dereva akae, mwenzake ashike pikipiki wima. Soma namba bila mzigo, kisha na mzigo. Mimi nikiona mbele imepungua kilo 10 au zaidi, napanga upya.

Masanduku ya kupelekea chakula ndiyo yanayoniumiza kichwa siku hizi. Yamefungwa mwisho kabisa wa keria ili nafasi ya abiria ibaki, yana kimo kikubwa, yanashika upepo. Kama kazi yako ni kupeleka chakula, abiria hana nafasi kwenye hesabu hiyo. Sogeza sanduku mbele mpaka liguse mgongo wako, vizito chini, vyepesi juu. Keria yenyewe iwe na mikono ya kuishika kwa pembe tatu hadi kwenye fremu. Keria inayocheza ni pendulo, yaani kitu cha kubembea, na pendulo la kilo 20 linalocheza mara 2 au 3 kwa sekunde linaingia sawasawa kwenye ule mtikisiko wa tatu niliousema.

Dumu la lita 20 lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa, maana maji yanagonga huku na huku. Jaza kabisa au acha. Mitungi ya gesi ifungwe imesimama, mmoja kila upande, uzito sawa. Gunia la mkaa kutoka Kisarawe huwa linafungwa kwa kukatisha nyuma. Kama hakuna budi kulibeba, ligawe magunia mawili madogo pembeni, chini ya usawa wa siti.

Na vitu vya kuning'iniza kwenye usukani: acheni. Mfuko wa nyanya kila upande hauonekani kuwa mzito, lakini ukaidi unaouongeza kwenye mzunguko wa usukani, yaani ugumu wa kuuanzisha au kuusimamisha, unakwenda kwa mraba wa umbali kutoka shingoni. Ukiusogeza mfuko mara mbili ya umbali, athari inakuwa mara nne. Usukani ukianza kupiga, unakuwa mzito kuutuliza. Mishkaki nayo, watu watatu juu ya pikipiki moja, inamkalisha wa mwisho nyuma kabisa ya ekseli; umeshaona hesabu yake.

Shokapu na ganzi ya mikono, kwa kifupi

Bonyeza mbele kwa nguvu kisha achia. Inapaswa ipande mara moja na kutulia. Ikipanda, ikashuka, ikapanda tena, mafuta yamekwisha au yamechoka. Mimina kiasi sawa kabisa pande zote, ukipima kwa chupa yenye alama za mililita, na utumie mafuta ya shokapu yenye uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Oili ya injini iliyotumika haifai. Sili ikivuja, badilisha zote mbili pamoja.

Kwa mtetemo wa injini, anza na bolti za kushikilia injini kwenye fremu. Nimekuta zimelegea kwenye pikipiki mpya ya miezi minne. Kisha tazama raba zilizo chini ya vishikio vya usukani kama zimekauka. Uzito wa chuma kwenye ncha za usukani unasaidia kweli, kwa sababu unashusha mlio wa asili wa bomba la usukani, yaani kasi ambayo bomba hutetema lenyewe likigongwa, mpaka uwe mbali na mapigo ya injini. Lakini kumbuka ule mraba wa umbali, usizidishe. Ganzi ya vidole inayobaki hadi usiku si jambo la kupuuza. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2002, ulimtaka mwajiri achukue hatua mtetemo wa mkononi ukifika mita 2.5 kwa sekunde mraba kwa wastani wa saa nane, na ukaweka ukomo kuwa 5. Dereva wa Dar anashinda kwenye siti kwa muda wa saa kumi na mbili. Pumzisha mikono, usibane mpini kama unanyonga, na ganzi isipoondoka nenda hospitali.

Sasa dampa

Umemaliza yote hayo na usukani bado unatikisika ukigonga shimo kwa mwendo? Sasa dampa ina kazi. Ziko za msuguano, za mafuta za fimbo ndefu, na za mafuta za kuzunguka zinazokaa juu ya shingo. Kwa pikipiki ya kazi napendelea ya mafuta ya fimbo. Ukiikagua unaona kila kitu.

Urefu wa mwendo wa fimbo uzidi mahitaji ya usukani kutoka mwisho hadi mwisho, ukibakiza milimita kadhaa kila upande. Dampa isiwe ndiyo kizuizi cha usukani, kwa sababu siku ikifika mwisho kabla ya fremu, usukani utakwama kwenye kona ya Mwenge katikati ya daladala. Funga, inua gurudumu, zungusha mwisho hadi mwisho, sikiliza. Vifundo vyake vya mpira vicheze huru bila kulazimishwa pembeni.

Anza na ukazo mdogo kabisa. Endesha. Ongeza hatua moja. Endesha tena kwenye barabara ileile, pamoja na kwenye foleni, mwendo wa kutembea. Ukianza kupepesuka kwenye foleni, umezidisha. Rudi hatua moja.

Tatizo la dampa ya kawaida ndilo hilo: ukazo unaofaa kilomita 80 kwa saa unachosha kwa kilomita 10. Honda waliijibu mwaka 2004 kwenye CBR1000RR kwa dampa ya mafuta yenye vali ya umeme: kompyuta inasoma mwendo na jinsi pikipiki inavyoongeza kasi, inafungua njia ya mafuta mwendo ukiwa mdogo na kuibana ukiwa mkubwa. Bado hiyo ni dampa tu. Haisaidii kuzungusha.

Usukani wa umeme wa pikipiki: unavyofanya kazi, na pa kuanzia

Naulizwa sana swali hili tangu pikipiki za umeme zianze kuonekana Dar. Nieleze kwanza: pikipiki ya umeme ina mota ya kuisukuma, usukani wake ni wa mkono uleule. Usukani wa umeme ni mota nyingine, iliyofungwa shingoni. Yamaha waliuweka mapema kwenye chombo cha magurudumu manne, Grizzly 700 ya mwaka 2007, na mwaka 2022 wakaanza kuujaribu kwenye pikipiki zao za motokrosi, YZ450FM na YZ250F, kwenye mashindano ya taifa ya Japani.

Unakuwa na sensa ya kupima nguvu ya kuzungusha inayotoka mikononi, kompyuta ndogo, na mota yenye gia za kupunguza mwendo. Dereva akizungusha, mota inamsaidia. Jiwe likipiga tairi na kuutupa usukani, mota inapinga. Kazi hii ya pili ndiyo dampa: kompyuta inatazama usukani unazunguka kwa kasi gani na kuiamuru mota isukume kinyume, kwa kiasi kinacholingana na kasi hiyo.

Ugumu uko sehemu mbili. Gia ikiwa ya 20 kwa 1, ukaidi wa mota unafika kwenye usukani ukiwa umezidishwa mara 400, maana ni 20 mara 20. Mota ndogo inageuka mzigo mkubwa shingoni, kama ile mifuko ya nyanya. Na ya pili ni kuchelewa. Usukani unaopiga mara 8 kwa sekunde unamaliza pigo zima, kwenda na kurudi, kwa milisekunde 125. Kompyuta na mota zikichelewa nusu ya muda huo, yaani milisekunde 62 hivi, mota inasukuma upande uleule usukani unakokwenda. Badala ya kumeza mtikisiko, inaulisha. Hata kuchelewa robo, milisekunde 31, kunatosha kufuta faida yote.

Kwa sababu hizo, na kwa sababu ya umeme, msifunge mota ya usukani wa gari chakavu kwenye bodaboda. Nimeletewa wazo hilo zaidi ya mara moja. Mota ya gari ikikaza inaweza kuvuta ampea 40 kwa volti 12, yaani wati 480. Mfumo wa chaji wa pikipiki ndogo hauna uwezo huo, betri itaisha kwenye foleni moja ya Tazara.

Vijana wa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, wanaotaka kuufanya mradi, anzeni benchini. Fungeni fremu imara, gurudumu hewani, vuteni usukani katikati kwa mipira miwili ya kufungia mizigo mmoja kila upande, ili ukiachiwa upigepige wenyewe. Vuta upande, achia, rekodi kwa simu inayochukua picha 240 kwa sekunde. Pigo la mara 8 kwa sekunde litachukua picha 30, na mtahesabu linakufa baada ya mapigo mangapi. Rudieni na mota ikiwa imefungwa lakini haina umeme: hapo mtaona ukaidi wake umeshusha mapigo kiasi gani. Kama usukani hauzunguki kwa urahisi mota ikiwa imezimwa, gia hiyo haifai, tafuteni nyingine. Ndipo muwashe dampa peke yake, bila msaada wowote. Wekeni taa ndogo inayowaka kompyuta inapotoa amri, ionekane kwenye video. Kila picha ni kama milisekunde 4, kwa hiyo kuchelewa mnakuhesabu kwa macho. Wekeni ukomo wa nguvu ambao mikono ya mtu wa kawaida inaushinda. Kisha chomoeni fyuzi katikati ya jaribio, mara kumi, na kila mara usukani ubaki mwepesi. Msaada wa kuzungusha uje mwisho wa yote, na barabarani kuje baada ya hapo, kwenye uwanja mtupu, kwa mwendo wa kutembea.

Yule kijana wa Mbagala tulimwekea seti mpya ya shingo, tukapandisha upepo wa mbele kutoka PSI 18 tuliyoikuta hadi 25, tukasogeza sanduku alilokuwa amelifunga kwenye keria sentimita 25 mbele. Alikwenda hadi Kongowe na kurudi. Dampa alirudisha dukani. Nilimwandikia kwenye karatasi siku ya kurudi: baada ya kilomita 500, kwa sababu vikombe vipya hukaa na nati ya mikato hutaka kuguswa tena kidogo.